Visiwa vya Kagera: vilipo, vinavyofikiwa na mambo ya kujua kabla ya kupanda mtumbwi

Ukisimama kwenye vilima vya Muleba vinavyotazama ziwa, siku isiyo na ukungu, utaona visiwa. Wengi wetu tumeviona tangu utotoni na hatujawahi kukanyaga hata kimoja. Tunavijua kwa dagaa wanaoletwa gulioni, na kwa habari za redioni mtumbwi unapozama.

Watalii nao hawavijui. Mgeni anayetua Tanzania mara nyingi huenda Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro, kisha humalizia fukwe za Unguja. Mkoa wetu uko mbali na njia hiyo, na visiwa vyetu viko mbali zaidi. Ndiyo maana vimebaki kimya: havina hoteli kubwa, havina foleni ya magari ya watalii, wala hakuna anayekufuata ufukweni kukuuzia vinyago.

Siku hizi wapo wanaoanza kuuliza. Vijana wanaorudi likizo, walimu wanaopanga ziara ya shule na wageni waliochoka na msongamano wa pwani wanataka kujua: visiwa hivi vinafikiwaje, na kuna nini huko? Makala hii inawajibu hao. Inamhusu pia mwenyeji wa kisiwani au mwaloni, ambaye siku moja ataona mgeni akishuka na begi mgongoni akiuliza mahali pa kulala.

Ziwa lenyewe kwanza

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Ndilo ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na karibu nusu yake iko Tanzania. Sehemu inayobaki ni ya Uganda na, kwa kiasi kidogo, Kenya.

Pamoja na ukubwa huo, ziwa hili si la kina kirefu. Sehemu ya chini kabisa ni kama mita 80 tu, wakati Ziwa Tanganyika linapita mita 1,400. Jambo hili ni muhimu kwa msafiri, kwa sababu upepo ukivuma juu ya maji mapana yasiyo na kina, mawimbi hupanda haraka, huwa mafupi na hufuatana. Ziwa lililolala kama kioo saa mbili zilizopita linaweza kukurusha juu ya ubao uliokalia.

Wazee wa Kihaya walilijua hilo kwa lugha yao. Katika imani ya zamani, ziwa na mvua vilikuwa chini ya Mugasha, na mtu hakuingia majini kwa kiburi. Leo wengi wetu tuna imani nyingine, lakini somo la kutolidharau ziwa halijapitwa na wakati.

Visiwa gani, viko wapi

*Musira.* Ndicho kilicho karibu zaidi na mji wa Bukoba. Ukiwa ufukweni mjini, mwamba ule mkubwa unaouona mbele yako ndio Musira. Kuna kijiji cha wavuvi, mapango na njia ya kupanda juu ya mwamba ambako unaona mji wote. Simulizi za wenyeji zinasema zama za wafalme kilikuwa kisiwa cha kufungia watu waliohukumiwa. Kwa mtu wa kwenda na kurudi siku moja, hapa ndipo pa kuanzia.

*Bumbire.* Kiko Wilaya ya Muleba, na ni miongoni mwa visiwa vyake vikubwa. Kina vijiji, mashamba na mialo ya samaki. Kimeandikwa katika vitabu vya historia vya Ulaya tangu karne ya 19, kwa sababu ambayo tutaieleza hapa chini.

*Kerebe, Goziba, Ikuza na Mazinga.* Hivi navyo ni vya Muleba, na pamoja na Bumbire majina yao ni majina ya kata. Goziba kiko mbali ndani ya ziwa. Huko maisha yote ni samaki: nyumba nyingi ni za mabati, watu wanatoka kila upande wa Kanda ya Ziwa, na Kiswahili ndicho lugha ya wote kwa sababu Mhaya, Mzinza, Mjita, Mkerewe na Msukuma wanakaa mlango kwa mlango.

*Rubondo.* Kiko kusini mwetu, Mkoa wa Geita. Hiki ni Hifadhi ya Taifa chini ya TANAPA tangu mwaka 1977. Kabla ya hapo, kuanzia 1965, kilikuwa pori la akiba, na watu waliokuwa wakiishi humo walihamishiwa visiwa na vijiji vya jirani. Hifadhi yote, pamoja na maji, ina kilomita za mraba zipatazo 457, na zaidi ya nusu yake ni kisiwa chenye msitu mzito.

*Ukerewe na Ukara.* Viko Mkoa wa Mwanza. Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya ziwa barani Afrika. Ndiko alikozaliwa Aniceti Kitereza, mwandishi wa hadithi ya Myombekere na Bugonoka, aliyoimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na ambayo ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Jirani yake, Ukara, kuna jiwe la Nyaburebeka, ambalo wenyeji husema linacheza.

Kwa nini Bumbire imo vitabuni

Mwaka 1875, Henry Morton Stanley alikuwa akilizunguka ziwa kwa boti yake, Lady Alice. Boti hiyo ilikuwa imebebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani ya Bagamoyo. Tarehe 28 Aprili, akirudi kusini kutoka kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, alisimama Bumbire kutafuta chakula.

Watu wa kisiwa waliivuta boti hadi nchi kavu na kuchukua makasia. Stanley na watu wake waliisukuma tena majini, wakafyatua risasi, wakaua watu, kisha wakaondoka wakipiga maji kwa mbao walizong'oa ndani ya boti.

Tarehe 4 Agosti mwaka huohuo alirudi. Safari hii alikuja na mitumbwi mingi, mamia ya watu na bunduki. Walifyatua wakiwa majini, mbali na mishale na mawe ya watu waliokuwa ufukweni. Makumi waliuawa. Stanley mwenyewe aliandika habari hizo kwa magazeti yaliyokuwa yamemtuma, moja la London na moja la New York, na Uingereza wapo waliomlaumu vikali kwamba alikwenda kulipiza kisasi.

Tunaieleza historia hii kwa sababu mbili. Kwanza, mgeni anayekwenda Bumbire na kitabu mkononi atakutana na maneno ya mtu aliyekuwa na bunduki. Maneno ya upande wa pili hayakuchapishwa kwenye magazeti yale. Kama bado wapo wazee wenye simulizi waliyorithi kwa babu zao, simulizi hiyo ni hazina. Kijana mwenye simu anaweza kuomba ruhusa na kumrekodi mzee wake kabla ya mambo hayo kuzikwa.

Pili, inatukumbusha kwamba ufukwe ni mlango wa nyumba ya watu. Anayeshuka bila kubisha hodi anaanza vibaya, hata kama nia yake ni njema.

Rubondo: kisiwa cha wanyama

Rubondo ni tofauti na visiwa vyetu vya Muleba kwa sababu hakina vijiji. Wakazi wake ni wanyama, askari wa hifadhi na wageni wachache.

Kati ya mwaka 1966 na 1969, sokwe waliokuwa wamefungwa Ulaya waliletwa na kuachiwa katika msitu huu, kazi iliyosimamiwa na Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt. Wengi walikuwa wamekulia ndani ya vizimba. Walijifunza upya kutafuta chakula na kujenga viota mitini, wakazaana, na uzao wao unaishi huko hadi leo. Tembo na twiga nao waliletwa na mwanadamu. Wenyeji wa asili ni nzohe, swala anayeishi kwenye majani ya majimaji, pamoja na pongo, viboko, mamba, fisi maji na ndege wa majini wasiohesabika. Simba hakuna, wala chui.

Njia ya karibu kwa mtu wa Kagera ni kupitia Muganza, Wilaya ya Chato, kisha boti. Njia nyingine ni Nkome, upande wa Geita. Kuingia hifadhini kuna kiingilio, na Mtanzania hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo kuliko mgeni wa nje. Boti na malazi hulipiwa kando, na hapo ndipo gharama inapopanda. Piga simu ofisi ya hifadhi kabla ya safari, uliza bei ya siku hiyo, na ulipe kwa namba ya malipo ya serikali. Usimpe mtu fedha mkononi kwa ahadi kwamba atakulipia. Watu wakiwa kundi, kama shule au kikundi cha kanisa, hugawana gharama ya boti na safari huwa nafuu zaidi.

Ziwa lina ratiba yake

Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mwanza, ingawa miji yote miwili iko kando ya ziwa moja. Sababu yake inamfaa kila msafiri.

Mchana, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja bara. Usiku hali hugeuka: bara hupoa, maji hubaki na joto, upepo huvuma kwenda ziwani. Hewa kutoka pande zote hukutana katikati ya ziwa, hupanda na kutengeneza mawingu ya radi. Kwa kuwa upepo mkuu wa eneo letu hutoka mashariki, mawingu hayo husukumwa upande wa magharibi, yaani kwetu, na mara nyingi hufika usiku wa manane hadi asubuhi.

Kwa hiyo mtu anayepanda mtumbwi mdogo alfajiri yenye radi kwa mbali anaingia mdomoni mwa dhoruba. Mvua kubwa ni za Machi hadi Mei, na nyingine Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Agosti ni kukavu, lakini upepo wa kusini-mashariki unaweza kuinua mawimbi hata jua likiwaka.

Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni usiku wa kuamkia safari. Kisha nenda mwaloni na uwaulize wavuvi wenyewe. Mvuvi akikuambia subiri, subiri. Yeye anaishi kwa kwenda majini, hana sababu ya kukuzuia bure.

Upande chombo gani

Kati ya Bukoba na Mwanza, kupitia Kemondo, kuna meli. MV Victoria, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na mizigo tani 200. Ukitaka kwenda Ukerewe, unapitia Mwanza, na kutoka hapo kuna meli na vivuko hadi Nansio.

Kwenda visiwa vya Muleba, usafiri wa wengi ni mitumbwi ya mbao yenye injini. Mitumbwi hii hubeba watu, kreti za soda, magunia ya mkaa, dagaa na wakati mwingine mbuzi. Haiondoki kwa saa ya ukutani. Huondoka ikijaa, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Hatuhitaji kukumbushwa kwa maneno mengi. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, na zaidi ya watu 800 walikufa. Ilikuwa imetokea Bukoba na kupitia Kemondo, na ni familia chache za mkoa huu ambazo hazikuguswa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kilijengwa kubeba abiria 101. Waliokufa walikuwa 228.

Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaza watu kupita kiasi. Abiria mmoja hawezi kubadilisha tabia ya bandari nzima, lakini anaweza kukataa kupanda. Kabla ya kuingia, angalia mambo haya:

- Ukingo wa mtumbwi uko juu ya maji kiasi gani? Kama unaweza kuchovya kiganja ukiwa umekaa wima, mzigo umezidi.
- Kuna jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu? Livae na ulifunge. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu.
- Kuna mafuta ya kutosha, kasia za akiba na kopo la kuchotea maji?
- Chombo kimekaguliwa? Ukaguzi wa vyombo vya majini ni kazi ya TASAC, na chombo kinachobeba abiria kinapaswa kuwa na cheti.
- Majina ya abiria yameandikwa na orodha imeachwa nchi kavu?

Usiposhuka na kukataa, basi angalau tuma ujumbe nyumbani: jina la chombo, mwalo ulikopandia, unakokwenda na saa mliyoondoka. Weka simu ndani ya mfuko wa plastiki na uufunge vizuri. Kukiwa na dharura namba za bure ni 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji, lakini ukiwa mbali majini mtandao hukatika, ndiyo sababu aliyebaki nyumbani anapaswa kujua ulipo.

Ukifika kisiwani

Jambo la kwanza ni kujitambulisha. Mtafute mwenyekiti au mtendaji wa kijiji. Kwenye mialo kuna pia kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho wengi hukiita BMU, na viongozi wake wanajua nani ana chumba, nani ana mtumbwi wa kuaminika na njia gani ya kupita. Mgeni aliyesalimia kwanza hulindwa na kijiji kizima. Aliyejificha hudhaniwa mwizi wa injini au mpelelezi wa nyavu.

Hilo la nyavu ni nyeti. Uvuvi wa kokoro, timba na sumu umekatazwa, na operesheni za kukamata zana haramu zimewahi kuacha majeraha. Mtu anayefika na kuanza kupiga picha mitumbwi na nyavu bila kuuliza hataeleweka. Omba ruhusa, hasa kwa picha za watu. Mama anayeanika dagaa yuko kazini, kama wewe unavyokuwa kazini kwako.

Ukiwazungumzia dagaa, usiwakanyage. Hutandazwa juani juu ya nyavu, mchanga au chanja, na ufukwe mzima unaweza kuwa umefunikwa. Uliza njia.

Panga safari kwa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na siku hizo ukitazama ziwani usiku utaona taa nyingi kama mji uliojengwa juu ya maji. Ni moja ya mandhari nzuri kabisa za mkoa huu, na haina kiingilio. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wengi wa dagaa hupumzika.

Kuhusu afya, kuna mambo matatu. *Kichocho* kipo sehemu nyingi za Ziwa Victoria. Wadudu wake hutoka kwa konokono wadogo wa kando ya maji na kupenya ngozi, kwa hiyo usicheze wala kuoga kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Ukiwa umeingia majini, nenda kituo cha afya baada ya wiki chache ukapime. Dawa ipo na inatibu. *Maji ya ziwa* yachemshe au yatibu kabla ya kunywa, kwa sababu magonjwa ya kuhara na kipindupindu hupenda mialo yenye vyoo vichache. *Mbu* ni wengi, beba chandarua chako.

Kuhusu mamba na viboko, kanuni ni kuwauliza wenyeji. Wanajua sehemu gani ya ufukwe ni ya kuteka maji na sehemu gani haiingiwi jioni.

Fedha ya mgeni ibaki wapi

Ukimya una thamani, lakini mtu hali ukimya. Swali la msingi kwa vijiji vyetu ni hili: wageni wakianza kuja, watatuachia nini?

Tuwatazame wenzetu wa baharini, ambao nao wana visiwa vilivyo pembeni ya njia kuu ya watalii. Pemba haipati wageni kama Unguja. Inajulikana kwa karafuu, msitu wa Ngezi na popo wakubwa ambao hawapatikani kwingine duniani. Popo hao waliwindwa sana kwa kitoweo hadi wakawa karibu kwisha. Baadaye vijiji vilianza kuyalinda makazi yao, na idadi ikapanda tena. Mahali kama Kidike, mgeni anayetaka kuwaona popo hulipa, na kijiji kina sababu ya kutowachinja.

Mafia nako, Hifadhi ya Bahari ilianzishwa mwaka 1995. Kati ya Oktoba na miezi ya mwanzo ya mwaka, papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hukaribia pwani ya Kilindoni, na mashua za wenyeji hupeleka wageni kuwaona. Zipo taratibu: usimguse, usimzibie njia, mashua zisimzingire. Taratibu hizo ndizo zinazomfanya arudi mwaka unaofuata, yeye na mgeni pia.

Visiwani kwetu hatuna papa potwe. Tuna miamba, ndege, taa za dagaa usiku, historia ya Bumbire na sato aliyetoka majini saa hiyohiyo. Hayo yanatosha kwa mgeni anayetafuta utulivu. Kijiji kinachohitaji kuanza hakihitaji hoteli. Kinahitaji vyumba vitatu au vinne safi vyenye chandarua, choo kizuri, mama lishe anayejulikana, mtumbwi wenye majaketi, kijana mwenye nidhamu wa kuongoza wageni, na bei iliyokubaliwa kwenye mkutano wa kijiji na kubandikwa mahali pa wazi. Bei ikijulikana, mgeni haibiwi na mwenyeji haaibiki.

Vilevile kijiji kiseme mapema kisichotakiwa: mapango yenye heshima ya wazee yasiyoingiwa, mazalia ya samaki yasiyopitiwa na injini, na taka ambazo mgeni anapaswa kurudi nazo bara. Kisiwa kidogo hakina pa kutupia chupa za plastiki elfu moja.

Mgeni naye ana wajibu. Lala kisiwani badala ya kuja na kurudi na chakula chako kutoka mjini. Nunua samaki kwa mvuvi. Mlipe kijana aliyekuongoza, hata kama ni ndugu wa rafiki yako. Usigawe fedha na pipi kwa watoto ufukweni; ukitaka kusaidia shule, mwone mwalimu mkuu.

Kwa kifupi

Anza na Musira kama hujawahi kusafiri ziwani. Nenda Rubondo kwa kundi kama unataka wanyama na usalama wa boti ya hifadhi. Nenda Bumbire ukiwa na muda, angalau usiku mmoja, na ukiwa na jina la mtu wa kukupokea. Goziba na visiwa vya mbali ni vya mtu mwenye shughuli huko au mwenyeji wa kumwongoza. Si vya kujaribu kwa mara ya kwanza.

Beba: jaketi la kuokolea maisha kama unalo, koti la mvua, chandarua, dawa zako, kitambulisho, fedha taslimu za noti ndogo, betri ya akiba ya simu na maji ya kunywa ya siku moja.

Usipande chombo kilichojaa. Mtumbwi mwingine utakuja, kama si leo basi kesho, na kisiwa hakihami.